DAWA YA NG'OMBE IKIFIKA UDONGONI YAENDA WAPI?

Tuseme ni jioni katika kijiji cha Rungwe Mpya, wilaya ya Kasulu. Mama mwenye nyumba alikamua jana, akatia maziwa kibuyuni kama siku zote, juu ya mtindi kidogo wa juzi ili yapate kuganda upesi. Leo anafungua kibuyu, na maziwa ni yale yale ya jana. Hayakuganda wala hayakuchacha. Anatikisa, ananusa, anaweka chini.

"Baba watoto, njoo uone. Maziwa yamekataa."

"Labda kibuyu ni kichafu, mama."

"Kibuyu nimekiosha na kukifukiza mwenyewe. Si kibuyu. Ni ile sindano uliyomchoma ng'ombe juzi."

Mume ananyamaza, maana ni kweli. Ng'ombe alikuwa na homa, hali majani, masikio yamelala. Baba akaenda dukani, akanunua chupa ya oksitetrasaiklini, akaazima bomba la sindano kwa jirani, akachoma. Kesho yake ng'ombe akasimama, akala. Kila mtu akafurahi. Hakuna aliyewaza habari ya maziwa.

"Haya," asema mama, "niambie basi nikayamwage wapi. Bustanini? Kijitoni? Au nimpe ndama?"

Mume hana jibu, na wengi wetu hatuna. Ndugu wasomaji, swali hili la mama ni kubwa kuliko kibuyu chake, nasi tutalifuata polepole mpaka tulifikishe mwisho.

KIBUYU KIMEPIMA DAWA

Maziwa hayagandi yenyewe. Yagandishwa na vijidudu vyema vinavyoishi katika mtindi. Hivyo hula sukari ya maziwa na kutoa uchachu, na uchachu ndio unaoyafanya maziwa kuwa mazito. Dawa iliyomponya ng'ombe ni ya jamii iitwayo antibayotiki, yaani dawa za kuua vijidudu au kuvizuia visizaane. Dawa hizi hazina macho. Hazijui kwamba kijidudu hiki ni cha ugonjwa na kile ni cha mtindi. Ilipotoka damuni ikaingia kiweleni, ilikwenda na maziwa hadi kibuyuni, na huko ikavizuia vijidudu vya mtindi visifanye kazi yao.

Kumbe mama yule amefanya kipimo bila kujua. Viwandani nako hutumika kipimo cha namna iyo hiyo: hutia maziwa kidogo pamoja na vijidudu vilivyopandwa makusudi, kisha hungoja kuona kama uchachu utatokea. Usipotokea, maziwa yale yana dawa, hukataliwa. Lakini tuangalie jambo moja. Maziwa yakikataa kuganda ni dalili ya dawa nyingi. Yakiganda si hakika kwamba hayana dawa kabisa, maana kidogo chaweza kubaki bila kuwashinda vijidudu vya mtindi. Tena kuchemsha hakutoshi. Moto huua vijidudu, lakini dawa nyingi za namna hii hustahimili mchemko wa jikoni.

Wala si jambo la kijiji kimoja. Mwaka 2006 wataalamu walichapisha habari za uchunguzi wa maziwa yaliyokuwa yakiuzwa Mwanza na Dar es Salaam, na mabaki ya dawa yalionekana humo.

DAWA HUPITA

Watu wengi hudhani kwamba dawa ikishaingia mwilini hufanya kazi yake na kuisha, kama kuni motoni. Sivyo. Sehemu kubwa ya dawa hizi hupita tu. Mtu akimeza amoksilini, zaidi ya nusu hutoka katika mkojo bado ikiwa dawa kamili, tena kwa saa chache. Ng'ombe aliyechomwa oksitetrasaiklini naye huitoa kwa mkojo na mavi, nyingi yake ikiwa na nguvu zake.

Kuna kisa cha kweli kinacholionyesha jambo hili wazi. Mwaka 1941, wakati wa vita kuu ya pili, pale Oxford huko Uingereza, polisi mmoja jina lake Albert Alexander alikuwa akifa kwa majipu na usaha uliomwenea usoni na mwilini. Madaktari walikuwa na penisilini kidogo sana, ndiyo mara ya kwanza kuijaribu kwa mgonjwa wa namna hiyo. Wakamchoma, akaanza kupona ajabu. Lakini dawa ilikuwa inakwisha. Wakafanya nini? Walikusanya mkojo wake, wakaitoa penisilini iliyomo, wakamchoma tena dawa ile ile. Hata hivyo haikutosha. Dawa ikaisha kabisa, ugonjwa ukarudi, naye akafa mwezi wa Machi mwaka ule.

Basi, yale waliyoyakusanya madaktari wa Oxford katika chupa, sisi twayamwaga chooni na zizini kila siku.

UDONGO NDIO MAMA WA DAWA HIZI

Kabla hatujaogopa, yafaa tujue zilikotoka dawa hizi. Nyingi zilitoka udongoni. Penisilini ilivumbuliwa mwaka 1928 na Alexander Fleming huko London, kutokana na ukungu, ndugu wa ule unaoota juu ya mkate uliolala. Streptomaisini, dawa ya kwanza kushinda kifua kikuu, ilipatikana mwaka 1943 katika jimbo la New Jersey, Marekani, na kijana Albert Schatz katika maabara ya Selman Waksman. Ilitolewa na kijidudu cha udongo wa shamba lililotiwa samadi. Na oksitetrasaiklini yenyewe, ile ya ng'ombe wetu, ilitangazwa mwaka 1950 baada ya kampuni moja kupima maelfu ya mafungu ya udongo kutoka nchi nyingi. Wakaiita Terramycin. Wazee waliotumikia Misa ya Kilatini watalitambua neno lile terra: ni ardhi, ni udongo.

Mnaijua ile harufu nzuri inayopanda mvua ya kwanza ikipiga vumbi, mwezi wa Oktoba au Novemba? Hiyo hutolewa hasa na vijidudu vya jamii ile ile vilivyotupatia streptomaisini na tetrasaiklini. Vimo humu humu katika udongo wa Kasulu na Kibondo, mamilioni katika kila konzi.

Kwa hiyo udongo si mgeni wa antibayotiki. Vijidudu vyake vimepigana kwa silaha hizo tangu zamani kabla ya mwanadamu. Vimezoea kuzitengeneza, kuzistahimili, hata kuzila. Mwaka 2006 watafiti wa Kanada waliwapima vijidudu 480 vya udongo kwa dawa 21, na kila kimoja kilistahimili dawa kadha wa kadha. Sasa tofauti ni nini? Tofauti ni kipimo. Kijidudu cha udongo hutoa chembe chache mahali padogo kama ncha ya sindano. Sisi twamwaga kwa chupa, tena dawa nyingine zimetengenezwa na watu viwandani, na udongo haukuzijua kamwe.

KILA DAWA NA MWENDO WAKE

Penisilini na nduguze, pamoja na amoksilini, ndizo zinazovunjika upesi. Mfikirie mtego wa panya. Mtego uliotegwa una nguvu kwa sababu waya wake umekunjwa kwa lazima. Ukifyatuka, ni waya tu. Katika penisilini mna kipete kidogo chenye pembe nne, kilichobanwa namna hiyo. Maji yenyewe hukifyatua polepole, joto huhimiza, na vijidudu vingi vya udongo vina ufundi wa kukifyatua haraka. Kikishafunguka, si dawa tena. Mama wa nyumbani anao ushahidi. Dawa ya unga ya mtoto, ile inayochanganywa na maji safi yaliyochemshwa na kupoa, imeandikwa kwamba baada ya kuchanganywa itumike kwa siku 7 tu, au zaidi kidogo ikiwa katika barafu. Ikiwa kavu hukaa miezi mingi. Ni maji yanayoifyatua. Ndiyo sababu penisilini hutumika kwa wingi duniani, na mabaki yake huonekana kwa nadra mitoni.

Tetrasaiklini ni tabia nyingine kabisa. Hii hushikamana. Hushika chokaa, chuma, na udongo wa mfinyanzi kama kupe. Hapo pia ushahidi ni wa nyumbani. Kwa nini mganga wa zahanati hukataza kumeza tetrasaiklini pamoja na maziwa? Kwa sababu chokaa ya maziwa huikamata tumboni, nayo hushindwa kuingia damuni. Na kwa nini mtoto mdogo na mama mjamzito hawapewi? Kwa sababu hushika katika mifupa na meno yanayoota, na meno hubaki na madoa ya rangi ya kahawia au manjano maisha yote.

Hapa sina budi kuwapa habari moja ya ajabu. Mwaka 1980 wataalamu walitangaza kwamba wameona tetrasaiklini katika mifupa ya watu waliozikwa Nubia, kaskazini mwa Sudani, yapata mwaka 350 hadi 550 baada ya Kristo. Hapakuwa na duka la dawa wakati ule! Waliotafuta sababu walisema kwamba watu wale walitengeneza pombe ya nafaka iliyoota vijidudu vya udongo, na vijidudu vile vikatoa tetrasaiklini ndani ya pombe. Dawa ikashika mifupani, ikakaa miaka elfu moja na mia tano. (Wapishi wa pombe wa kwetu wasifanye habari hii kuwa tangazo la biashara.)

Basi udongo wetu wa milimani ni mwekundu. Wekundu ule ni chuma, ndugu wa kutu ya jembe. Tetrasaiklini ikianguka juu ya udongo wa namna hiyo hukamatwa upesi, haiendi mbali na maji yanayopenya chini. Hiyo ni habari njema kwa kisima. Lakini kukamatwa si kufa. Mfungwa aliye gerezani bado yu hai. Kule udongoni huvunjika polepole, kwa wiki kadhaa au miezi, kadiri ya joto, unyevu na wingi wa vijidudu. Na mvua kubwa ikichukua udongo wenyewe, kama tuonavyo mashamba ya mtelemko yasiyo na makinga maji, dawa huchukuliwa pamoja na udongo ulioishika, ikashuka mabondeni. Jua nalo lina nguvu juu yake. Katika maji maangavu mwanga wa jua huivunja kwa muda mfupi. Lakini maji ya masika ni matope tupu, mwanga hauingii. Na chini ya samadi ni giza daima.

Dawa za salfa, kama ile iliyomo katika Septrin, hazishiki sana udongo. Hizi huyeyuka na kwenda na maji. Ndizo zinazoonekana mara nyingi zikipimwa mito na maziwa ya Afrika Mashariki. Zimeonekana katika mito ya Nairobi na katika maji ya Ziwa Victoria upande wa Uganda. Tusimlaumu mtu hapo: Septrin imeokoa maisha ya watu wengi wenye virusi vya UKIMWI waliopewa kuimeza kila siku, na dawa iliyomezwa lazima itoke. Lakini choo kilichochimbwa karibu na kisima ndicho cha kulaumiwa. Bwana afya husema mita 30 kwa uchache, tena kisima kiwe upande wa juu. Zamani tulidhani ni kwa ajili ya kuhara tu.

Na iko siprofloksasini, iliyotengenezwa viwandani. Hushika udongo kwa nguvu, jua huivunja, lakini gizani hukaa miezi mingi, hata kupita mwaka. Huko India, karibu na mji wa Hyderabad, watafiti wa Sweden walipima maji yaliyotoka katika mtambo wa kusafishia taka za viwanda vya dawa, na habari zikachapishwa mwaka 2007. Wakaona siprofloksasini hadi miligramu 31 katika kila lita moja. Katika maji hayo kiasi hicho ni kikubwa kuliko kile kinachopatikana katika damu ya mgonjwa anayeimeza.

HESABU YA NUSU KWA NUSU

Wataalamu hawasemi "dawa itakwisha siku fulani." Wao huhesabu nusu. Mtoto wa shule aweza kutusaidia. Tuseme dawa fulani hupoteza nusu yake kila siku 30. Shamba likianza na mafungu 100, baada ya mwezi ni 50, miezi miwili 25, miezi mitatu 12 na nusu. Miezi sita, limebaki fungu moja na nusu hivi. Vizuri.

Lakini je, ukiongeza mafungu 100 mengine kila mwezi, kwa kuwa kila mwezi yuko ng'ombe anayechomwa na samadi yake inamwagwa pale pale? Mwisho wa mwezi wa kwanza ni 50. Waongeza, 150. Mwisho wa mwezi wa pili ni 75. Waongeza tena. Utaona kwamba haishuki kamwe, bali hupanda mpaka ikaribie 100 kabla ya kila nyongeza, na hapo hukaa. Udongo unafanya kazi usiku na mchana, ila sisi hatuupi nafasi ya kumaliza.

DAWA YAISHA, USUGU WABAKI

Mtu atasema: kidogo hicho kilichomo udongoni chamdhuru nani? Mboga yaweza kunyonya chembe, ni kweli, lakini ni kidogo sana. Mimi siogopi mchicha. Hofu yangu ni nyingine.

Dawa nyingi huua vijidudu. Dawa kidogo huvifundisha. Vile dhaifu hufa au hudumaa, vile vyenye ufundi wa kuistahimili hubaki na kuzaana. Fleming mwenyewe alionya hivyo alipopokea tuzo ya Nobel mwaka 1945, akitaja hatari ya kumeza penisilini kidogo isiyotosha. Na kidogo hicho ni kidogo kuliko tulivyodhani. Mwaka 2011 watafiti wa Uppsala, Sweden, walionyesha kwamba vijidudu sugu huwashinda wenzao hata pale dawa ilipo chini mamia ya mara kuliko kiasi cha kuua. Kiasi cha namna hiyo chaweza kuwapo katika samadi na katika mfereji.

Tena vijidudu hupeana ufundi huo. Mnajua jinsi akina mama wanavyopeana mbegu za maharage: huyu ampa jirani, jirani ampa dada yake wa Kibondo, na baada ya misimu miwili mbegu ile iko kila mahali, wala hakuna akumbukaye ilikoanzia. Ndivyo vijidudu vinavyokabidhiana usugu, cha ng'ombe kwa cha udongo, cha udongo kwa cha tumbo la mtoto anayechezea zizini. Penisilini yaweza kuvunjika kwa siku chache, lakini kijidudu kilichojifunza kuivunja hakisahau upesi.

Na mwisho wa njia hiyo ni kitanda cha hospitali. Katika miaka ya 2001 na 2002 watoto waliolazwa Muhimbili kwa sumu ya vijidudu katika damu walifuatwa kwa makini, na habari zikachapishwa mwaka 2007. Wale ambao vijidudu vyao vilikuwa sugu kwa dawa walizopewa walikufa kwa wingi kuliko wengine. Kwa dunia nzima, hesabu iliyotolewa mwaka 2022 ilisema kwamba watu milioni 1.27 walikufa mwaka 2019 kwa sababu ya usugu huo. Serikali yetu ilianza mpango wake wa kwanza wa kitaifa juu ya jambo hili mwaka 2017, nao ulizihusu wizara za afya na za mifugo pamoja, maana ugonjwa huu hauna mpaka kati ya zizi na wodi.

Mito nayo imepimwa. Mwaka 2019 watafiti wa York, Uingereza, walitangaza kwamba walichota maji mahali 711 katika nchi 72, na katika kila mia 65 hivi walikuta antibayotiki. Kenya ilikuwa miongoni mwa nchi ambazo kiasi kilipita mpaka wa usalama mara nyingi zaidi. Malagarasi, unaokusanya maji ya Kasulu na Kibondo na kuyapeleka Ziwa Tanganyika, hauna mji mkubwa kama Nairobi kandokando yake. Tunayo nafasi ambayo wenzetu wameikosa.

KUKU NA KIDERI

Hapa niseme wazi, na atakayekasirika anisamehe. Dawa nyingi zinazomwagika uani kwetu hazikuhitajika tangu mwanzo. Kuku wakianza kusinzia, kuharisha kijani na kupinda shingo, mtu hukimbilia vidonge vya tetrasaiklini vya binadamu, afungua, amwaga unga katika maji ya kuku. Kuku wanakufa vile vile. Kwa nini? Kwa sababu ugonjwa ule ni kideri, wengine huuita mdondo, nao waletwa na kirusi. Antibayotiki haiwezi kirusi hata kidogo. Maji yaliyobaki yamwagwa, mavi ya kuku yaenda bustanini, na dawa imetufunza vijidudu bila kuokoa kuku hata mmoja.

Dawa ya kideri ni chanjo. Ile iitwayo I-2, inayotengenezwa hapa Tanzania, hustahimili joto kuliko chanjo za zamani, hutiwa tone moja katika jicho la kuku, na hurudiwa kila baada ya miezi mitatu au minne. Chupa moja ni ya kuku wengi, kwa hiyo yafaa majirani wapatane siku moja na kumwita bwana mifugo. Kazi ya asubuhi moja kabla kuku hawajafunguliwa.

SASA TUMJIBU MAMA

Mama yetu bado amesimama na kibuyu mkononi.

Kijitoni asimwage. Maji yatachukua dawa hadi kwa mwenye kuchota chini, tena maziwa yenyewe huozesha maji na kuwanyima samaki hewa. Ndama asipewe, ingawa wengi hufanya hivyo wakiona uchungu wa kupoteza. Ndama akinywa dawa kidogo kidogo kila siku, tumbo lake huwa shule ya vijidudu sugu. Bustanini kwenye mboga za kuchuma kesho, hapana.

Ayamwage katika lundo la mboji, mbali na maji. Na hapo ndipo na samadi ya ng'ombe yule inapopasa kwenda, isipelekwe mbichi shambani. Lundo lifanywe chini ya kivuli: tabaka la majani makavu, tabaka la samadi, majivu kidogo, maji ya kulowesha, kisha lifunikwe kwa nyasi au majani ya migomba ili mvua isilioshe. Chomeka fimbo katikati. Baada ya siku chache ichomoe uishike. Ikiwa ya moto, lundo linafanya kazi. Ikiwa baridi na kavu, tia maji. Ikiwa baridi na inanuka, lundo limelowa mno, ligeuze lipate hewa. Joto lile hufika digrii 55 au 60 na zaidi, na vijidudu vya mboji hula kwa pupa. Tetrasaiklini hupungua sana humo kwa wiki chache, na vijidudu vingi vya ugonjwa hufa. Dawa za namna ya siprofloksasini hukaidi zaidi, hatudanganyi. Geuza lundo kila baada ya wiki mbili au tatu, na baada ya miezi mitatu hivi itumie. Mahindi yatapenda.

Vidonge vilivyobaki nyumbani vizee visitupwe chooni. Mle ni giza na maji, mahali ambapo dawa nyingine hukawia kabisa. Virudisheni zahanati. Na vidonge alivyopewa mgonjwa vya siku tano visikatwe siku ya pili ili kumwekea mwingine.

Kwa baba mwenye bomba la sindano nina neno pia. Ng'ombe mwenye ndigana baridi husaidiwa na oksitetrasaiklini, hilo halina ubishi. Lakini homa si ugonjwa mmoja, na sindano isiyo ya ugonjwa wake ni fedha iliyomwagwa zizini. Mwite bwana mifugo atazame kwanza. Kisha soma karatasi iliyomo katika sanduku la dawa, au mpe mtoto wa shule akusomee: imeandikwa siku za kungoja kabla ya kunywa maziwa, na siku za kungoja kabla ya kuchinja. Kwa oksitetrasaiklini nyingi za kukaa mwilini muda mrefu, maziwa ni kama siku 7 na nyama siku 28, lakini chupa hazifanani, na karatasi ya chupa yako ndiyo ya kufuata.

Chukua mkaa, chora mstari mmoja katika mlango wa zizi kila jioni tangu siku ya sindano. Siku hizo zote maziwa yaende katika mboji, na watoto wanywe uji. Mistari ikitimia kama ilivyoandikwa, mama na aoshe kibuyu chake, akifukize, atie maziwa ya asubuhi juu ya mtindi alioomba kwa jirani, maana wake ulikwisha kufa. Kesho yake akifungua atauona mgando umeshika ubavu wa kibuyu.